Kukumbuka na Kukumbushwa

Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Juba tumezoea kuambiwa kwamba viambishi ndiyo roho ya lugha hii. Ongeza silabi moja katika kitenzi, na mtendaji anakuwa mtendwa. Ongeza nyingine, na mtu wa tatu anaingia katika sentensi. Kwenye mtihani hilo ni swali la alama mbili. Mahakamani linaweza kuwa swali la miaka ishirini gerezani. Chukua kitenzi kumbuka. Katika kauli ya kutendesha tunapata kumbusha, na katika kutendeshwa tunapata kumbushwa. Anayekumbuka amechota kisimani kwake mwenyewe. Anayekumbushwa ameshikiwa ndoo na mtu mwingine, na huenda maji yaliyomo yametoka kisima kingine bila yeye kujua.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowagawa wanasaikolojia wanaoitwa mahakamani kama mashahidi wataalamu, tangu mahakama za Marekani zilipoanza kupokea kesi za watu waliosema kwamba walidhulumiwa utotoni, wakasahau kabisa, kisha wakakumbuka wakiwa watu wazima. Naandika juu ya mjadala huo kwa sababu naona unakuja kwetu. Mkataba wa amani uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 12 Septemba 2018 una Sura ya Tano, na sura hiyo inaahidi vyombo vitatu: Tume ya Ukweli, Maridhiano na Uponyaji, Mahakama Mseto ya Sudan Kusini, na Mamlaka ya Fidia. Sheria za tume na za fidia zilipitishwa mwaka 2024. Mahakama Mseto bado ni maneno kwenye karatasi. Siku vyombo hivyo vitakapoanza kazi, watakaoitwa mbele ni watu kama mama yangu mdogo.

Mama mdogo alikuwa Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, vita vilipoanza. Kwa miaka mingi nilimsikia akizisimulia siku zile, kwanza Kakuma tulikokaa kama wakimbizi, kisha hapa baada ya kurudi. Nyumbani tunaongea Kiarabu cha Juba, lakini hadithi hii huisimulia kwa Kiswahili cha kambini, labda kwa sababu si lugha aliyokuwa akiisema siku ile. Hadithi ilikuwa na umbo lilelile. Walisikia risasi. Wakafunga geti. Asubuhi ya pili watu wenye sare wakagonga. "Kisha nikajikuta Tomping," anasema, yaani kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege, ambako maelfu walikimbilia. Kati ya geti na Tomping hapakuwa na kitu. Kujikuta ni kitenzi cha ajabu. Mtendaji na mtendwa ni mtu yuleyule, na safari yote iliyo katikati imemezwa na ile -ji-.

Mwaka 2023, jioni moja, jirani alikuwa akijaza dizeli kwenye jenereta na nyingine ikamwagika chini. Mama mdogo alikuwa anamenya karanga. Akaacha. Akasema sentensi kama kumi hivi, kwa sauti ya kawaida, bila mtu yeyote kumuuliza kitu. Ilikuwa ile sehemu ya katikati. Sitaiandika hapa, maana ni yake. Waswahili wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; lakini yeye hakushtuka tu, aliona nyoka mwenyewe.

Miezi michache baadaye alijiunga na kikundi cha wanawake wanaokutana kwa ushauri nasaha. Kikundi kilimsaidia. Alianza kulala usiku kucha, jambo ambalo sikuwahi kuliona Kakuma. Lakini katika kikundi hicho watu walitaja majina pia. Mmoja alisema kwamba aliyewaongoza askari katika mtaa ule ni fulani, ambaye leo ana duka. Jina likazunguka. Wiki baada ya wiki lilipata nguo: sauti, kovu, namna ya kutembea. Siku moja mama mdogo alirudi akasema, "Labda ni yeye. Wenzangu wanasema ni yeye." Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kofia naijua. Sura siijui."

Binamu yangu anayesoma sheria aliposikia habari hizo alisema kwamba wakili yeyote wa utetezi atakuwa na swali moja tu kwa shangazi yake: ulikumbuka, au ulikumbushwa? Sikuwa na jibu la kumpa, kwa hiyo nikaanza kusoma.

Mjadala wa Marekani ulianza kama tatizo la sheria. Kesi za madai zina ukomo wa muda. Mtoto aliyedhulumiwa akiwa na miaka mitano, akifika thelathini hukuta mlango umeshafungwa. Mwaka 1988 jimbo la Washington lilibadilisha sheria yake ili muda uhesabiwe kuanzia pale mdai alipogundua, na majimbo mengine yakafuata. Wakati huohuo baadhi ya waganga wa nafsi walikuwa wakiegemea wazo la zamani, lililotoka kwa Sigmund Freud, kwamba akili inaweza kuifukia kumbukumbu inayoumiza mno, kama mtu anayezika chungu uani, na kwamba chungu hicho kinaweza kufukuliwa kikiwa kizima. Kwa njia ya hipnosi, tafsiri za ndoto na maswali yaliyorudiwarudiwa, watu wengi walifukua. Kesi zikajaa.

Mwaka 1990, huko California, George Franklin alitiwa hatiani kwa mauaji ya msichana wa miaka minane yaliyotokea mwaka 1969. Ushahidi mkuu ulitoka kwa binti yake mwenyewe, aliyesema kumbukumbu ilimrudia baada ya miaka ishirini. Wataalamu wawili walivutana. Daktari wa akili Lenore Terr, kwa upande wa mashtaka, alieleza jinsi akili ya mtoto inavyoweza kuficha tukio la kutisha. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus, kwa upande wa utetezi, alieleza jinsi kumbukumbu zinavyobadilika na kuongezewa. Juri ilimwamini binti. Mwaka 1995 mahakama ya shirikisho ilitengua hukumu, na moja ya sababu ilikuwa kwamba utetezi ulizuiwa kuonyesha kuwa mambo mengi aliyoyataja shahidi yalikuwa yamechapishwa magazetini zamani. Mwaka 1996 Franklin aliachiwa na kesi haikurudiwa.

Loftus hakuishia kwenye hoja. Mwaka 1995 yeye na Jacqueline Pickrell walichapisha jaribio dogo la watu 24. Kila mmoja alipewa visa vya utotoni vilivyotolewa na jamaa zake, na katikati yake kikapachikwa kimoja cha uongo: kwamba alipotea katika jengo la maduka akiwa na miaka mitano hivi. Takriban mmoja kati ya wanne alikuja "kukumbuka" angalau sehemu ya tukio ambalo halikutokea. Hawakuwa waongo, na hilo ndilo jambo gumu kulikubali. Methali yetu inasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mwenye kumbukumbu ya kupandikizwa si mwongo, na njia yake inaweza kuwa ndefu sana, kwa sababu anaitembea kwa moyo mweupe. Machozi yake ni ya kweli. Hakimu anayepima ukweli kwa machozi hana pa kushika.

Hata hivyo, upande wa pili nao una namba zake. Mwaka 1994 Linda Meyer Williams alichapisha utafiti juu ya wanawake 129 ambao rekodi za hospitali za miaka ya 1970 zilionyesha kwamba waliletwa wakiwa watoto baada ya kudhulumiwa kingono. Walipohojiwa miaka kama 17 baadaye, asilimia 38 hawakulitaja tukio lile. Wakosoaji walisema wengine walikuwa wadogo mno, na wengine huenda walichagua kunyamaza. Ni kweli. Lakini rekodi ipo, na tukio lilitokea. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba asiyelitaja jambo hakutendewa, wala kwamba aliyelitaja kwa kuchelewa amelitunga. Mahakama zenyewe hazikukubaliana. Mahakama ya juu ya New Hampshire mwaka 1997 ilikataa ushahidi wa aina hii kwa kuwa haukuwa umethibitika vya kutosha, na ile ya Massachusetts mwaka 2010, katika kesi ya padri wa zamani Paul Shanley, iliukubali.

Nilipofika hapo nilidhani nimekwama. Kilichonisaidia ni utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2007, uliowagawa watu kwa namna ambayo mwanafunzi wa sarufi anaielewa mara moja. Kundi la kwanza halikuwahi kusahau. Kundi la pili lilisahau, kisha kumbukumbu ikarudi yenyewe nje ya tiba, labda kwa harufu, mahali au wimbo. Kundi la tatu lilikumbuka ndani ya tiba, kwa kusaidiwa. Watafiti walitafuta ushahidi wa nje: mtu mwingine aliyedhulumiwa na mtuhumiwa huyohuyo, au aliyesikia habari mapema. Kundi la pili lilipata ushahidi wa kuliunga mkono kwa kiwango kilichokaribia cha kundi la kwanza. Kundi la tatu halikupata. Utafiti mmoja haumalizi neno, lakini unatuonyesha swali lilipo. Tumekuwa tukiuliza kama mtu alisahau. Linalohitaji kuulizwa zaidi ni jinsi alivyokumbuka: kwa kauli ya kutenda, au ya kutendeshwa?

Nikarudi kwa mama mdogo kwa macho mapya. Zile sentensi kumi za jioni ya dizeli ni za kundi la pili. Jina la mwenye duka ni la kundi la tatu. Yote mawili yamo katika kichwa kimoja, yanasemwa kwa sauti moja, na mtu anayemsikia kwa mara ya kwanza hatayatofautisha. Yeye mwenyewe bado anaweza, kwa sasa. Baada ya mikutano mingine hamsini sijui kama ataweza.

Katika nchi yetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko California. Kule jina likikosewa, mtu mmoja anafungwa kwa dhuluma. Hapa jina lina ukoo, ukoo una kabila, na jina lililokosewa linaweza kuwasha moto mtaa mzima. Aliyetendewa ana haki ya kuaminiwa, na mwenye duka, kama si yeye, ana haki ya kutochomewa duka. Shahidi mtaalamu aliye mwaminifu huzitumikia haki zote mbili. Kazi yake si kumwambia hakimu kwamba mwanamke huyu anasema kweli au anasema uongo, kwa sababu hakuna sayansi inayoweza hilo. Kazi yake ni kueleza kumbukumbu ya namna gani hudumu, ipi huchanganyika, na ni maswali gani huichanganya.

Mfano mzuri niliouona ni wa The Hague. Mwaka 1998 mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani ilisikiliza kesi ya Anto Furundžija, kamanda wa kikosi nchini Bosnia, na shahidi mkuu alikuwa mwanamke aliyeitwa Shahidi A. Baada ya ushahidi kufungwa, ilibainika kwamba shahidi huyo alikuwa amepata matibabu ya kiwewe na utetezi haukujulishwa. Majaji wakafungua kesi upya mwezi Novemba na kusikiliza wataalamu wa pande zote mbili juu ya kiwewe na kumbukumbu. Tarehe 10 Desemba 1998 waliamua kwamba mtu mwenye kiwewe anaweza kuwa shahidi wa kuaminika kabisa. Waliongeza jambo ambalo ningependa kila hakimu wa Juba alijue: kutofautiana kidogo kwa maelezo ya shahidi kunaweza kuwa dalili ya ukweli, kwa maana ni ishara kwamba hakuna aliyemfundisha la kusema. Furundžija alifungwa miaka kumi. Naona uzuri wa kesi ile katika kufunguliwa kwake upya. Utetezi ulipewa nafasi ya kuuliza, swali likaulizwa hadharani, na ushahidi wa mwanamke ukabaki umesimama.

Karibu zaidi nasi ni Arusha. Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, alihukumiwa tarehe 2 Septemba 1998 na mahakama ya kimataifa ya Rwanda, na ubakaji ukatambuliwa kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Hati ya kwanza ya mashtaka haikuwa na ubakaji kabisa. Uliongezwa mwaka 1997 baada ya mashahidi kuusema wakiwa mbele ya majaji. Je, walikuwa wamesahau? Hapana. Kuna kimya ambacho si usahaulifu. Ni kimya cha mtu ambaye hajaulizwa na mtu anayefaa. Katika kesi hiyohiyo mahakama ilimsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aliyeeleza maana za maneno ya Kinyarwanda, kwa kuwa mashahidi walitumia maneno ya staha kama kuryamana, kulala pamoja, pale ambapo mtafsiri alitakiwa kusema kubaka. Kwa hiyo wataalamu wanaohitajika si madaktari tu. Kuna kiti cha mtu wa lugha.

Kenya inatufundisha somo la tatu, la karatasi. Wazee wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya miaka ya 1950. Mwaka 2012 jaji wa London aliruhusu kesi iendelee ingawa zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita, kwa sababu nyaraka nyingi za wakati ule zilikuwapo, zikiwamo zilizofichuliwa kutoka Hanslope Park. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kisha ikaja kesi nyingine, ya wadai zaidi ya 40,000. Mwaka 2018 ilianguka. Jaji alizungumzia kwa kirefu udhaifu wa kumbukumbu za wazee baada ya miaka mingi hivyo, na ugumu wa kuendesha kesi ya haki pale ambapo mashahidi wamekufa na nyaraka za mtu mmojammoja hazipo. Vita ni vilevile na kambi ni zilezile. Kumbukumbu peke yake ilipobaki bila mwenzake, haikuweza kuubeba mzigo.

Na sisi? Kesi ya hoteli ya Terrain ndiyo tunayoijua zaidi. Askari waliishambulia tarehe 11 Julai 2016, wakamuua mwandishi wa habari John Gatluak na kuwabaka wanawake. Mahakama ya kijeshi ilianza kusikiliza kesi mwaka 2017, baadhi ya mashahidi wakizungumza kwa njia ya video kutoka nje ya nchi. Tarehe 6 Septemba 2018 askari kumi walitiwa hatiani. Siku zilezile za Julai, Umoja wa Mataifa uliorodhesha angalau matukio 217 ya ukatili wa kingono hapa Juba. Wengi wa wanawake hao hawana video wala cheti cha daktari. Wana kumbukumbu tu, na kila mwaka unaopita bila mtu kuiandika unampa wakili wa utetezi swali jipya. Tangu mwaka 2020 Juba ina mahakama maalumu ya ukatili wa kijinsia, na hiyo ni hatua. Lakini mahakama husikiliza kilicholetwa. Kinachoharibikia njiani hakirekebishwi kizimbani.

Kwa hiyo nina maoni matatu kwa yeyote atakayewaandaa mashahidi wa tume yetu. Maelezo ya kwanza yaandikwe mapema, yakiwa na tarehe, kabla ya kikundi na kabla ya majina kuzunguka. Maswali yaandikwe pamoja na majibu, ili atakayesoma baadaye aone kama shahidi aliulizwa "Ikawaje?" au "Alikuwa ni fulani, sivyo?" Na mtafsiri asizibe mapengo. Katika Kiarabu cha Juba mwanamke husema ana nesitu, nimesahau, na neno hilo hilo linaweza kumaanisha silijui tena, au sitaki kulitaja mbele ya wanaume hawa. Mtafsiri mwenye haraka atachagua maana moja. Aliyesoma ataomba ruhusa ya hakimu na kuuliza ni ipi. Wengi wa watafsiri hao tutakuwa sisi, tuliopo katika madarasa haya. Kwa mashahidi waliokulia Kakuma, Kiswahili ndicho kitakachobeba maneno yao hadi kwa majaji kutoka nchi jirani.

Mama mdogo aliniomba nimwandikie. Tulikaa jioni mbili. Nilimwambia anieleze anavyotaka, nami sikumuuliza lolote zaidi ya "Endelea." Kurasa zilikuwa nne. Pale aliposema "nikajikuta" niliandika "nikajikuta", sikuandika "nilipelekwa" wala "nilikimbia", kwa sababu hakusema hivyo. Tulipofika kwa mwenye duka aliniuliza kama aliweke jina. Nilimwambia karatasi ni yake. Alifikiri, kisha akaniambia niandike kofia, rangi yake, na upande iliokuwa imeinamia. Chini yake niandike kwamba jina alilisikia kwa wenzake, na mwezi aliolisikia. Akaweka dole gumba, akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya Kakuma.